Kikombe cha Mdogo Wangu

Mama alichukua kikombe cheupe chenye ua la buluu ubavuni, akakipindua, akatia tone la rangi ya kucha kwenye kitako. Tone jekundu. Akalipuliza likauke, kisha akakitundika kikombe kwenye msumari wa peke yake nyuma ya mlango wa jikoni, mbali na vyombo vingine. Sahani nayo ikapata alama yake, na kijiko. Hakusema lolote, wala hakuna aliyemuuliza. Rangi yenyewe ilikuwa yangu. Aliniomba asubuhi nikampa, na wakati nampa nilijua inakwenda kufanya kazi gani.

Ilikuwa siku ya pili tangu mdogo wangu arudi kutoka kliniki na habari kwamba ana homa ya ini.

Mimi ni fundi wa nguo, Majengo, Mombasa. Si daktari. Haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kukaa kwenye mabenchi ya hospitali, kwa kuuliza, na kwa kuuliza tena pale nilipojibiwa harakaharaka. Nayaandika kwa sababu najua mahali fulani leo kuna mtu ameambiwa ana homa ya ini aina ya C, ameandikiwa dawa, anatafuta pesa za kuzinunua, na hakuna aliyempima aina ya B.

Mdogo wangu alizaliwa 1984. Alianza unga, yaani heroini, akiwa na miaka 19, kwanza kwa kuvuta, halafu kwa kujidunga, kwa kuwa kete ileile ukiidunga hukufikisha mbali zaidi na pesa hazikuwa zinatosha. Wenye ndugu mateja wanayajua mengine yote, cherehani iliyopotea, usiku wa arosto mtu anajikunja sakafuni anatetemeka na godoro limelowa. Sitayarudia. Nitasema la sindano tu, maana ndilo linalohusika. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba maskani bomba moja lilikuwa likizunguka watu watatu au wanne, na wa mwisho ni yule aliyekuja bila pesa. Mara nyingi alikuwa yeye. Na hata siku ambayo mtu alikuja na sindano mpya kabisa, unga ulikorogwa kwenye kizibo kimoja na kila mtu akachota hapo hapo. Kirusi cha C hakihitaji zaidi ya hapo. Damu isiyoonekana kwa macho, iliyobaki kwenye kizibo au kwenye pamba, inatosha.

Kliniki za methadoni, dawa ya kumeza inayochukua nafasi ya unga, zilianza Kenya mwishoni mwa 2014, Nairobi, zikafuata Malindi mwaka 2015, na baadaye kwetu. Yeye aliingia 2018. Mpaka leo kila asubuhi huenda kuimeza mbele ya nesi, mvua inyeshe, jua liwake, hata asubuhi ya Idi yumo kwenye foleni na kanzu yake. Tulimpata tena. Nilidhani tumemaliza.

Mwaka 2022 wakampima C. Tone la damu ya kidole, kipande cha plastiki chenye kidirisha, kusubiri kidogo, mistari miwili. Kipimo kile hutafuta kingamwili, alama ya kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi, na hakiwezi kusema kama kirusi bado kimo. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa C, kati ya 15 na 45 hukifukuza wenyewe bila dawa yoyote, na bado mistari hubaki miwili maisha yao yote. Kwa hiyo hufuata kipimo cha pili, cha kuvitafuta virusi vyenyewe ndani ya damu. Chake kilirudi kikisema vimo, tena vingi.

Hapo ndipo lilipokuja neno lenyewe nyumbani, homa ya ini, na hapo ndipo tulipopotea.

Kwa Kiswahili tuna homa ya ini, tuna homa ya manjano ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa wa kuletwa na mbu, na wazee wetu wana nyongo, ambayo ni kila kitu kuanzia kichefuchefu mpaka macho kuwa ya manjano. Mtu akisema homa ya ini, kila msikilizaji anachukua la kwake. Shangazi yangu alikumbuka mwaka watoto wa mtaa walipougua macho yakawa kama bizari, ikasemekana ni maji ya kisima. Alikumbuka sawa. Aina ya A hupita kwa maji na chakula kilichoingiwa na uchafu wa choo, na aina ya E vilevile. Ugonjwa kama ule una haki ya kuogopwa kwenye kikombe. Lakini B na C havipiti kwenye kikombe, wala sahani, wala kupeana mikono, wala kula kwenye sinia moja. C hupita kwa damu kukutana na damu. B hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, kwa mama kumzaa mtoto, na kwa watoto wadogo wenye vidonda vyao wanaolala kitanda kimoja na kugombana mchana kutwa. Magonjwa matano, kuanzia A mpaka E, tumeyapa jina moja, na hofu ya ugonjwa mmoja tukamvika mgonjwa wa mwingine.

Habari ikafika barazani. Pale kwetu baada ya isha hupita mzee wa kahawa na dele lake, na vikombe vyake vidogo visivyo na mkono, anavisuuza kwenye ndoo moja. Mdogo wangu alikaa na wenzake kama kawaida. Mzee akamimina kwa kila mtu, alipofika kwake akatoa mfukoni kikombe cha plastiki, kipya, cha kutupwa. Kahawa ya dele ni moto sana. Mdogo wangu alikishika kwa ncha za vidole, plastiki ikaanza kulegea na kuingia ndani, naye akakigeuza upande huu na huu mpaka akaimaliza. Akasema, "Shukran, mzee." Akalipa. Hajakaa tena kwenye baraza lile kwa muda mrefu. Nilisikia kisa hiki kwa mtu mwingine. Yeye hakunisimulia, na mimi nisingeweza kumkasirikia mzee wa kahawa wakati nyumbani kwetu kulikuwa na kikombe chenye alama nyekundu.

Tulikuwa tumesikia kwamba C siku hizi inapona. Ni kweli. Zamani matibabu yalikuwa sindano za interferoni, miezi sita au mwaka mzima, mtu anaugua dawa kuliko ugonjwa. Tangu 2013 vimekuja vidonge vya kumeza. Sofosbuviri pamoja na daklatasviri, wiki 12, na wagonjwa zaidi ya 95 katika 100 wanapona. Wanapona kabisa, kirusi kinatoka mwilini. Tulikwenda kwenye kliniki moja ya kulipia, sitaitaja jina. Daktari aliangalia karatasi ya C, akaandika dawa, akatuambia bei. Dakika kumi hazikufika. Nikarudi nyumbani kupiga hesabu ya sare za shule, maana msimu wa Januari ndio unaonilisha mimi mwaka mzima.

Aliyetuokoa ni nesi mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa akimfahamu mdogo wangu kwenye foleni ya methadoni. Nilimwendea kumuuliza kama vidonge vile vinagombana na methadoni. Akasoma karatasi zetu mbele na nyuma.

"Karatasi ya B i wapi?"

"Sista, sisi tumeambiwa ni C."

"Nimesikia, mwanangu. Ya B i wapi?"

Haikuwapo. Akanikatalia hata kuendelea kuzungumza habari ya bei. Siku ileile damu ikatolewa, na B akaonekana. Virusi viwili, ini moja.

Hili nililielewa polepole, na ndilo ambalo ningependa kila mwenye C alielewe kabla hajameza kidonge cha kwanza. Virusi hivi viwili vikikaa pamoja kwenye ini, mara nyingi C ndicho kinachotawala. Uwepo wake unauamsha mwili, na kinga ile ile inayopambana na C humbana B mpaka anakuwa kama hayupo. Ukihesabu virusi vya B kwenye damu unakuta vichache mno. Lakini B hajaondoka. Ana mbegu yake iliyojificha ndani kabisa, kwenye kiini cha seli za ini, na dawa tulizo nazo haziifikii. Sasa unakuja na vidonge vinavyomuua C peke yake, unamtoa haraka, wiki chache tu. Aliyekuwa akimkalia B ameondoka. B anaweza kuinuka kwa ghafla, na mwili ukimrukia, ini ndilo linalounguzwa katikati. Enzi za interferoni hatari hii haikujitokeza sana kwa sababu interferoni ilivigusa virusi vyote viwili. Vidonge vipya havimgusi B hata kidogo. Mnamo Oktoba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ililazimisha onyo kali liandikwe kwenye dawa zote za aina hii. Walikuwa wamekusanya visa 24 vya B aliyeamka baada ya C kutibiwa. Wawili katika hao walikufa, na mmoja akabadilishiwa ini.

Visa 24 ni vichache ukikumbuka ni watu wengi kiasi gani walikuwa wameshatibiwa. Nimeambiwa hivyo na watu wenye nia njema, eti nisitishe watu. Sitaki kutisha mtu. Vidonge vya C ni neema na aliye na C avitafute. Lakini kipimo cha B ni tone la damu na dakika chache, na karatasi yetu ilikuwa imeshaandikwa dawa bila tone hilo.

Aliyetibu B alikuwa mtulivu, daktari kijana wa hospitali ya serikali. Kwanza alimpima mdogo wangu VVU, maana dawa ya B ni tenofoviri, ambayo pia imo kwenye dawa za UKIMWI. Ukimpa tenofoviri peke yake mtu mwenye VVU bila kujua, VVU hujifunza kuikwepa. Hakuwa na VVU. Akampa tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, kumfungia B mlango kwanza. Halafu ndipo wakaanza vya C. Kule kwetu watu wanakijua kichupa cheupe cha tenofoviri kwa umbo. Jirani alikiona dirishani, na kufikia jioni mtaa ulikuwa umeshamaliza hesabu yake. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, wacha waseme la UKIMWI. Hilo wamelizoea, watanihurumia. Hili la ini ndilo wanalonikimbia nalo." Niliinamia kitambaa nilichokuwa nakata, nisimtazame.

Daktari huyo ndiye aliyesema familia yote ipimwe B. Mama alikataa. "Mimi nimejidunga lini?" Nilimwelewa, kwani na mimi niliwaza vivyo hivyo. Nyumba nzima tulikuwa tumeyapanga mambo vichwani mwetu. Unga ulileta sindano, sindano ikaleta C na B, na sisi wengine tulikuwa upande wa pili wa msumari ule.

Tulikwenda Jumatano. Mama anaye B. Mimi ninaye B.

Naandika sentensi hiyo na bado mkono unasita. Miezi mitano nilikuwa nikiosha kikombe cha mdogo wangu peke yake, kwa sponji yake peke yake, na damu yangu ilikuwa na kilekile nilichokuwa nikikiogopa kwake.

Daktari alichukua muda wake na sisi, na kwa hilo namwombea dua. Alisema mtu mzima akiambukizwa B, katika kila watu 100 ni kama watano tu ambao humganda. Wengine mwili humshinda. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, 90 katika 100 hubaki naye maisha yote, kimya, bila manjano wala homa, mpaka siku ini litakapojaa makovu au kuingia saratani. Kwa hiyo akiona ndugu wawili na mama yao wote wana B, hafikirii sindano ya maskani. Anafikiria utotoni. C mdogo wangu aliipata kwenye kizibo. B huenda alikuwa naye kabla hajajua kutambaa.

Mama alisema kwa sauti ndogo, "Basi ni mimi niliyempa."

Daktari akamwambia hawezi kujua mtu, na kwamba Afrika watoto wengi huambukizana wao kwa wao kabla ya miaka mitano. Mimi nikakumbuka siku tuliyotobolewa masikio, wasichana sita wa ukoo kwenye mkeka mmoja, bibi na sindano moja na uzi mweusi, akiipitisha kwenye moto wa mshumaa pale alipokumbuka. Nikakumbuka wembe uliowanyoa wavulana wote asubuhi moja. Nilimwambia Mama hayo njiani kurudi, ndani ya tuktuk. Hakunijibu mpaka tulipopita Mwembe Tayari. Akasema, "Na yeye, je? Amenywea peke yake miezi mitano."

Usiku ule alikiondoa kikombe kwenye msumari. Alikisugua kwa jivu, akasugua kwa ganda la ndimu. Rangi ilitoka kiasi, ikabaki doa la waridi. Akakipanga na vingine. Baadaye alikwenda chumbani kwa mdogo wangu, akakaa naye mpaka nikalala mimi, na waliyosemezana sikuyauliza.

Kuna jambo linalonikera mpaka leo na nitalisema. Chanjo ya B iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Mdogo wangu alizaliwa 1984. Watoto wa Kenya walianza kuipata kwenye ratiba ya kawaida, ile ya wiki 6, 10 na 14, mwanzoni mwa miaka ya 2000. C ni hadithi nyingine. Hakikujulikana hata jina mpaka 1989, hakina chanjo mpaka leo, na hapo sina wa kumlaumu. Lakini B alikuwa na chanjo miaka ishirini kabla haijafika kwenye mikono ya watoto wa Majengo, na kizazi chetu chote, sisi tulio na watoto wakubwa sasa, tulipita katikati. Ikiwa ulizaliwa Kenya kabla ya mwaka 2000, hata kama hujawahi kuona unga kwa macho yako, hilo ni swali lako pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 254 walikuwa wakiishi na B mwaka 2022, na milioni 50 na C. Wengi wao hawajui.

Mdogo wangu alimaliza wiki zake 12. Walimpima njiani, ini na virusi vyote, na B hakuinuka. Wiki nyingine 12 baada ya kidonge cha mwisho wakatafuta C kwenye damu, hawakumwona. Alitoka na karatasi, mimi nimesimama chini ya mwarobaini nje ya lango. "Dada, kimoja kimetoka." Mistari miwili ya kile kipimo cha kwanza ataishi nayo, kwa hiyo anatembea na karatasi ya pili kwenye pochi, asije akaambiwa upya ana C na mtu asiyejua tofauti. Na anajua kwamba kupona hakumpi kinga, akirudi kwenye kizibo atarudi na C. Tenofoviri anaendelea nayo, kwani ini lake limeshaanza makovu, na kuikatiza kiholela ndiko kunakomwamsha B. Kila miezi sita hupigwa picha ya tumbo kuangalia uvimbe. Virusi viwili pamoja hulila ini haraka kuliko kimoja, na makovu yaliyokwishaingia hayaondoki papo hapo kwa sababu tu aliyeyaleta ametoka.

Mimi bado sijahitaji dawa. Virusi vyangu ni vichache na ini liko sawa, napimwa kila miezi sita pamoja na Mama. Niliacha mitishamba yote, hata ile ya kusafisha damu ambayo shangazi ananiletea kwa mapenzi, kwa sababu mengine huliumiza ini na hakuna anayejua kilichomo. Kazini nimebadilika kidogo. Zamani nikijichoma sindano nilinyonya kidole nikaendelea. B anaweza kukaa kwenye damu kavu siku saba na bado akaambukiza, kwa hiyo sasa nikijichoma nasimama, nafunga kidole, sindano naitupa kwenye kopo lenye kifuniko, na nguo ikipata doa naiosha kwa maji ya jiki kabla mteja hajaja. Wateja hawajui kwa nini. Sasa baadhi yao watasoma hapa.

Mume wangu alipimwa, akakutwa na kinga kamili. Aliwahi kuambukizwa, huenda na mimi, mwili wake ukamshinda B na wala hakumbuki kuugua. Binti yangu alizaliwa 2008, alichanjwa akiwa mchanga, kadi yake ya kliniki bado ninayo. Mwanangu mkubwa ni wa 1999. Huyo nilimsubiri nje ya maabara nikiwa siwezi kukaa wala kusimama. Hana B, na hana kinga. Chanjo ya mtu mzima ni sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, na wengi huisahau hiyo ya tatu. Ya kwanza alipata Juni, ya pili Julai. Ya tatu ni Desemba, na tarehe yake nimeiandika kwa chaki ya kukatia nguo, ukutani juu ya cherehani.